Makubaliano ya kukiri kosa: hatua kwa hatua, kabla hujatia saini

Kesi nyingi za jinai haziishi kwa shahidi wa mwisho kushuka kizimbani. Huishia mezani, kati ya wakili wa utetezi na mwendesha mashtaka, kisha hakimu analetewa karatasi iliyokwisha kuandikwa. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Marekani ilieleza kwamba asilimia 97 ya hatia zote katika mahakama za shirikisho zilitokana na washtakiwa kukiri, na katika mahakama za majimbo ilikuwa asilimia 94. Barani Afrika utaratibu huu ni mchanga zaidi. Afrika Kusini iliuweka kwenye sheria mwaka 2001, Kenya mwaka 2008, Uganda ikatunga kanuni zake mwaka 2016, na Tanzania ikarekebisha sheria yake ya mwenendo wa jinai mwaka 2019. Anayekutana nao kwa mara ya kwanza mara nyingi ni mtu aliyeko rumande, au ndugu yake aliyepigiwa simu na kuambiwa "kuna njia ya kuimaliza hii kesi".

Hao ndio ninaowaandikia. Sheria zinatofautiana kutoka nchi hadi nchi, kwa hiyo kila ninachokitaja hapa kikaguliwe dhidi ya sheria ya mahali kesi ilipo. Lakini utaratibu wenyewe unafanana sana, na kuna swali moja la kuulizwa kila hatua: huyu anayeniahidi hiki, ana mamlaka ya kukitimiza?

Kwanza, kinachobadilishwa ni nini

Mshtakiwa anatoa haki yake ya kusikilizwa kesi nzima: mashahidi kuhojiwa, vielelezo kupingwa, upande wa mashtaka kubeba mzigo wa kuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka. Upande wa mashtaka nao unatoa kimojawapo kati ya vitu vitatu, au mchanganyiko wake. Unaweza kubadilisha shtaka kubwa kuwa dogo, kwa mfano kuua kwa kukusudia kuwa kuua bila kukusudia. Unaweza kuondoa baadhi ya mashtaka na kubakiza moja au mawili. Au unaweza kukubaliana na utetezi kuhusu adhabu, au angalau kuhusu adhabu ambayo wataiomba mahakamani. Juu ya hapo hukaa fidia, kurejesha mali na utaifishaji.

Usichanganye jambo hili na kukiri kwa kawaida. Mtu akisomewa shtaka akajibu "ni kweli", amekiri, na hajapata ahadi yoyote. Pengine hakimu atampunguzia adhabu kwa kuwa hakuisumbua mahakama. Uingereza na Wales punguzo hilo limeandikwa kwenye mwongozo wa adhabu ulioanza kutumika mwaka 2017: hadi theluthi moja kwa anayekiri katika nafasi ya kwanza, robo baada ya hapo, na sehemu ya kumi tu kwa anayekiri siku kesi inapoanza kusikilizwa. Katika nchi nyingi punguzo halina kipimo cha maandishi, na huachwa kwenye busara ya hakimu. Kwa hiyo anayefikiria makubaliano asikimbilie kukiri siku ya kwanza kwa hofu au kwa uchovu. Akikiri kabla ya kujadiliana, atakwenda mezani akiwa hana tena cha kutoa.

Kuhusu hakimu: sheria za Kenya na Tanzania zinaikataza mahakama kushiriki kwenye mazungumzo haya. Hakimu anajulishwa kwamba yanafanyika, basi, na karatasi ataiona ikiwa tayari. Ujerumani ni kinyume. Tangu mwaka 2009 sheria yao inamruhusu jaji kuzungumza na pande zote mbili kuhusu adhabu, ingawa suala la kama mtu ana hatia haliruhusiwi kufanyiwa biashara.

Hatua ya kwanza: jua unazungumza na nani

Askari aliyekukamata hana mamlaka ya kukuondolea shtaka. Wala mpelelezi, karani, mlalamikaji, au yule jamaa anayesema anamfahamu mtu ofisini. Anayeweza kubadilisha au kuondoa shtaka ni mwendesha mashtaka wa serikali, na kwa makosa makubwa mara nyingi yeye mwenyewe anahitaji kibali cha maandishi kutoka kwa mkuu wa mashtaka wa nchi. Maneno kama "wewe kiri tu kituoni, yaishe" huzaa maelezo ya onyo, yaani maelezo yako yanayoandikwa na polisi, yaliyotiwa saini, na maelezo hayo yatasomwa mahakamani kama kielelezo dhidi yako hata kama aliyekuahidi amehamishwa kituo.

Tafuta wakili mapema. Afrika Kusini sheria haimruhusu mshtakiwa asiye na wakili kuingia makubaliano rasmi ya aina hii. Tanzania inamruhusu ndugu, rafiki au mtu mwingine anayestahili kisheria asimame na mshtakiwa asiye na wakili. Inasaidia, lakini ndugu hawezi kukuambia kama kielelezo fulani kitapokelewa au kitakataliwa, na hapo ndipo thamani ya ofa inapokaa. Kama huna uwezo wa kulipa, ulizia msaada wa kisheria gerezani au kwenye masjala ya mahakama kabla hujakubali lolote.

Angalia pia kama kosa lenyewe linaruhusiwa. Kenya imeyaondoa kwenye utaratibu huu makosa ya kujamiiana pamoja na mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu. Tanzania imeondoa, pamoja na mengine, uhaini, ugaidi, na makosa ya kujamiiana yanayohusu watoto. India, ilipoanzisha utaratibu huu mwaka 2006, iliufunga kwa makosa yenye kifungo kinachozidi miaka saba na kwa makosa dhidi ya wanawake na dhidi ya watoto wa chini ya miaka 14. Ukiahidiwa makubaliano kwa kosa ambalo sheria imelifungia mlango, anayekuahidi ama hajui sheria ama anataka kitu kingine kutoka kwako.

Hatua ya pili: pima ushahidi, shtaka kwa shtaka

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo watu wengi wanaporuka. Ofa haiwezi kusemwa ni nzuri au mbaya kabla ya kujua kesi ingekwendaje bila hiyo ofa.

Kila kosa limejengwa kwa vipengele, na upande wa mashtaka unapaswa kuthibitisha vyote. Chukua mfano wa kubuni wa mtunza ghala aliyeshtakiwa kwa mambo matatu: wizi akiwa mtumishi, kughushi hati za kutolea mizigo, na kutakatisha fedha. Kwenye hati ya mashtaka yanasomeka kama mzigo mmoja, lakini wakili akikaa na jalada anayatenganisha.

Kwenye wizi, kuna daftari la ghala, kuna dereva aliyeandika maelezo kwamba alipakia mizigo mara nne kwa amri ya mtunza ghala, na kuna upungufu uliothibitishwa na mkaguzi. Hilo ni shtaka lenye miguu. Kwenye kughushi, hati zina saini inayodaiwa kuwa yake, lakini ripoti ya mtaalamu wa maandishi haimo kwenye jalada, na funguo za kabati la hati walikuwa nazo watu watatu. Hapo pana mwanya. Kwenye utakatishaji, lazima ionyeshwe kwamba fedha zilitokana na kosa na kwamba alizifanyia jambo la kuficha asili yake. Jalada linaonyesha tu kwamba alilipa ada za shule na kununua pikipiki kwa jina lake mwenyewe. Shtaka hilo ndilo lenye adhabu kubwa kuliko yote, na ndilo lenye ushahidi mwembamba kuliko yote.

Mpangilio wa namna hii ni wa kawaida sana. Shtaka zito lenye ushahidi hafifu hubandikwa juu ya shtaka la kawaida lenye ushahidi mzuri, kisha linaondolewa kwenye mazungumzo kama zawadi. Wakati mwingine mwendesha mashtaka ana sababu ya kweli ya kulileta. Wakati mwingine shtaka hilo linafanya kazi yake hata lisipothibitishwa, hasa pale sheria inapozuia dhamana kwa kosa hilo na mshtakiwa akabaki rumande miezi kwa miezi huku akisikia upelelezi haujakamilika. Kwa mtunza ghala wetu, kuondolewa kwa utakatishaji kuna thamani ndogo kuliko kunavyoonekana mahakamani, lakini kuna thamani kubwa kama ndicho kinachomshikilia ndani. Wakili mzuri atakwambia mambo yote mawili.

Kwa hiyo omba maelezo ya mashahidi na nakala za vielelezo, kwa maandishi, kabla ya ofa kujadiliwa. Ofa inayokuja na masharti ya "jibu leo, jalada utaliona baadaye" inaashiria kwamba jalada halijakaa sawa.

Na kama hukufanya kosa? Msimamo wangu ni kwamba usikiri kosa ambalo hukulitenda, hata ofa iwe tamu vipi. Najua wapo waliokiri ili watoke, na siwezi kumhukumu mtu aliyekaa rumande muda mrefu kuliko kifungo chenyewe cha kosa aliloshtakiwa. Lakini sheria pia ina neno hapa. Marekani, tangu kesi ya North Carolina v. Alford ya mwaka 1970, mtu anaweza kukubali adhabu huku akisisitiza kwamba hana hatia. Katika mahakama zinazofuata utaratibu wa Kenya na Tanzania, mshtakiwa husomewa maelezo ya kosa na anatakiwa ayakubali. Akisema "nakiri, ila sikuchukua kitu", hakimu anapaswa kuandika kwamba amekana, na kesi inaendelea.

Hatua ya tatu: piga hesabu nzima, pamoja na yale yasiyo mikononi mwa mahakama

Andika kwenye karatasi mistari miwili. Mmoja ni kile kinachoelekea kutokea ukienda hadi mwisho, na hapo usitumie adhabu ya juu kabisa iliyo kwenye kitabu, tumia ile ambayo mahakama hiyo huitoa kwa kawaida kwa mtu mwenye rekodi kama yako. Mwingine ni ofa yenyewe. Toa siku ulizokwisha kukaa rumande kama sheria ya mahali hapo inazihesabu. Linganisha.

Kisha ongeza yale ambayo mwendesha mashtaka hawezi kukuahidi kwa sababu hayako chini yake. Rekodi ya jinai inaweza kukufungia ajira ya umma. Bodi ya taaluma yako inaweza kukufutia leseni. Mamlaka ya kodi inaweza kuanza hesabu zake. Kwa mgeni, idara ya uhamiaji inaweza kumfukuza nchini siku anayotoka gerezani, na jambo hilo lilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Padilla v. Kentucky ya mwaka 2010, ambapo iliamuliwa kwamba wakili ana wajibu wa kumweleza mteja hatari ya kufukuzwa nchini kabla hajakiri. Uliza mapema. Kosa lenye jina la wizi au udanganyifu linaweza kukufuata miaka mingi, wakati kosa la uzembe lenye faini ileile likasahaulika, kwa hiyo wakati mwingine jina la kosa linafaa kupiganiwa kuliko urefu wa adhabu.

Hatua ya nne: kufungua mazungumzo

Pande zote mbili zinaweza kuanza. Tanzania mlango uko wazi wakati wowote kabla ya hukumu. Lakini mapema ni bora, kwa sababu unachouza ni kuokoa muda na mashahidi, na bidhaa hiyo inapungua kadiri mashahidi wanavyotoa ushahidi.

Wakili huandika barua fupi kwa ofisi ya mashtaka, akitaja namba ya kesi na kueleza kwamba mshtakiwa yuko tayari kujadiliana. Barua isieleze kilichotokea. Iseme inachopendekeza: "Mshtakiwa yuko tayari kukiri shtaka la kwanza, iwapo la pili na la tatu yataondolewa, na kurejesha nusu ya thamani ya mizigo siku ya makubaliano na iliyobaki kwa awamu sita za kila mwezi." Iongeze kwamba mazungumzo haya hayatatumika kama ushahidi endapo yatavunjika. Sheria ya Kenya inatoa kinga ya namna hiyo kwa yanayosemwa kwenye majadiliano. Hata panapo kinga, mshtakiwa asianze kusimulia mambo mapya mezani. Kinga inazuia maneno yako yasisomwe mahakamani, haizuii mpelelezi kwenda kutafuta alichokisikia.

Mwendesha mashtaka atawasiliana na mpelelezi, na pale inapowezekana atamsikiliza mlalamikaji. Usimdharau mlalamikaji. Hana kura ya turufu, lakini mwendesha mashtaka anayejua kwamba mlalamikaji amerudishiwa mali yake ana ujasiri wa kutoa ofa nzuri zaidi, na hakimu naye atauliza. Pendekezo la fidia liwe la kweli. Ahadi ya fedha ambazo familia haina, hata kama itafungua mlango leo, itaufunga vibaya zaidi baada ya awamu ya pili kushindikana.

Tarajia shinikizo. Katika kesi ya Bordenkircher v. Hayes, mtu mmoja katika jimbo la Kentucky alishtakiwa kwa hundi ya kughushi ya dola 88.30. Aliambiwa akikiri ataombewa miaka mitano, akikataa atashtakiwa upya chini ya sheria ya wahalifu wa kurudiarudia. Alikataa, akapata kifungo cha maisha, na mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema, kwa kura tano dhidi ya nne, kwamba mwendesha mashtaka hakuvunja katiba. Uamuzi huo umekosolewa sana, na naona umekosolewa kwa haki. Hata hivyo unaonyesha jinsi mstari kati ya kujadiliana na kutisha ulivyo mwembamba. Kutishia shtaka ambalo ushahidi wake upo ni jambo moja. Kutishia kumkamata mke au mtoto wa mshtakiwa ambaye hahusiki ni shurutisho, na linapaswa kuandikwa, tarehe na jina, na kufikishwa kwa hakimu.

Wakili naye ana wajibu wa kuleta kila ofa kwa mteja. Katika kesi ya Missouri v. Frye ya mwaka 2012, ofa ya kifungo cha siku 90 iliisha muda wake bila mshtakiwa kuambiwa. Baadaye alikiri bila makubaliano yoyote na akafungwa miaka mitatu. Muulize wakili wako moja kwa moja, kila mnapokutana: kuna barua yoyote imetoka upande wa pili?

Hatua ya tano: hati yenyewe

Makubaliano yawe ya maandishi, na kila kilichoahidiwa kiwe ndani yake. Hati isomwe na ielezwe kwa lugha ambayo mshtakiwa anaielewa. Kama mkalimani alitumika, naye athibitishe kwa saini. Soma polepole sehemu hizi.

Maelezo ya kosa. Haya yatasomwa mahakamani na kubaki kwenye kumbukumbu daima. Mtunza ghala aliyekubali kukiri upotevu wa mizigo ya safari mbili asitie saini maelezo yanayosema safari nne kwa sababu tu "adhabu ni ileile". Safari mbili za ziada zitarudi kwenye kiasi cha fidia, na zinaweza kurudi kwenye kesi ya madai.

Mashtaka yanayoondolewa. Yanaondolewa kwa namna gani? Katika sheria nyingi, shtaka lililoondolewa kabla ya mshtakiwa kujitetea linaweza kufunguliwa tena. Hati iseme waziwazi kwamba hakutakuwa na mashtaka mapya kutokana na matukio yaleyale, na itaje matukio hayo kwa tarehe na mahali.

Adhabu. Hapa neno moja linabeba miaka. "Upande wa mashtaka hautapinga" ombi lako la kifungo cha nje, yaani adhabu usiyoitumikia gerezani, maana yake watakaa kimya. "Upande wa mashtaka utapendekeza" maana yake watazungumza, lakini hakimu hafungwi nao. "Pande zimekubaliana adhabu iwe" ni jambo la tatu, na hata hilo hutegemea sheria ya mahali. Marekani kanuni ya 11 ya mwenendo wa jinai wa shirikisho inatenganisha kabisa: kwenye pendekezo tu, hakimu akitoa adhabu kubwa zaidi, mshtakiwa hana ruhusa ya kufuta kukiri kwake kwa sababu hiyo. Kwenye adhabu iliyokubaliwa, hakimu ama aipokee ama aikatae hati, na mshtakiwa apewe nafasi ya kujitoa.

Mfano unaojulikana zaidi ulitokea Arusha. Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ya mpito ya Rwanda wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, alikiri makosa sita mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda mwaka 1998. Alikuwa na makubaliano na mwendesha mashtaka, lakini makubaliano hayo hayakuwa na neno la kumfunga yeyote kuhusu adhabu. Alihukumiwa kifungo cha maisha, na rufaa yake ikakataliwa mwaka 2000. Sisemi adhabu hiyo haikustahili. Nasema kukiri kwake hakukununua hata mwaka mmoja. Linganisha na kesi ya Ahmad al-Faqi al-Mahdi mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mjini The Hague, kuhusu kubomolewa kwa makaburi ya kale ya Timbuktu. Hati yake ilitaja kwamba upande wa mashtaka utaomba kati ya miaka 9 na 11. Majaji hawakufungwa na kiwango hicho, lakini Septemba 2016 walitoa miaka 9.

Fidia na mali. Kiasi, tarehe, analipwa nani, kupitia akaunti gani, na nini kitatokea malipo yakichelewa. Mali inayotaifishwa iorodheshwe kwa namba ya usajili au ya kiwanja. Maneno "na mali nyinginezo" yafutwe.

Wajibu wa kutoa ushahidi. Kama utatakiwa kusimama dhidi ya mshtakiwa mwenzako, hati iseme katika kesi ipi, na kama utaadhibiwa kabla au baada ya kutoa ushahidi.

Ahadi ya mdomo isiyoandikwa, "hilo tutaliangalia", ihesabu kama haipo.

Hatua ya sita: siku ya mahakama

Hakimu hapokei hati kimyakimya. Anatakiwa ajiridhishe kwamba mshtakiwa ana akili timamu, ameelewa, na hakulazimishwa. Tanzania mshtakiwa huhojiwa akiwa chini ya kiapo. Mahojiano huenda hivi:

"Umesoma hati hii?" "Nimesomewa na wakili wangu, mheshimiwa."

"Unaelewa kwamba una haki ya kukana, na kwamba ukikana ni wao watakaotakiwa kuthibitisha?" "Naelewa."

"Unaelewa adhabu ya juu ya kosa hili?" "Naelewa."

"Kuna mtu amekutisha, au amekuahidi kitu ambacho hakimo humu?"

Swali hilo la mwisho ndilo zito. Kuna washtakiwa huambiwa pembeni wajibu "hapana" haraka ili mambo yasikwame. Jibu la uongo linaweza kukuletea shtaka la kusema uongo chini ya kiapo, na litakufungia mlango siku utakapotaka kulalamika. Kama kuna ahadi nje ya hati, iseme hapohapo. Hakimu ama ataagiza iandikwe, ama atakwambia haitambui, na vyovyote vile utakuwa umejua kabla ya kutiwa hatiani.

Vivyo hivyo maelezo ya kosa yakisomwa na kukawa na tarehe au kiasi kisicho sahihi, nyoosha mkono. Wakili ataomba dakika chache. Hakuna hakimu mwenye busara atakayekasirishwa na mshtakiwa anayerekebisha tarakimu.

Baada ya kutiwa hatiani, utetezi unapewa nafasi ya kuomba apunguziwe adhabu. Makubaliano hayaondoi nafasi hii, itumie: afya, wanaomtegemea, fidia iliyokwisha kulipwa pamoja na stakabadhi zake, miezi iliyotumika rumande.

Mahakama ikiikataa hati, Kenya sheria inaitaka iandike sababu. Makubaliano yanakuwa batili, kukana kunaandikwa, na yaliyosemwa hayatumiki tena kwenye kesi hiyo. Kuna gharama yake: makubaliano mengine juu ya matukio hayohayo hayaruhusiwi, na uamuzi wa kukataa haukatiwi rufaa. Afrika Kusini, hakimu akiona adhabu iliyokubaliwa si ya haki anawaambia pande zote ile anayoiona ni ya haki, na yeyote kati yao akijitoa, kesi huanza upya mbele ya hakimu mwingine. Kwa hiyo hati dhaifu isipelekwe kwa kubahatisha.

Hatua ya saba: baada ya hukumu

Rufaa imebana. Kenya na Tanzania, aliyetiwa hatiani kwa makubaliano hawezi kukata rufaa dhidi ya hatia yenyewe, anabaki na uhalali wa adhabu au ukubwa wake tu. Njia nyingine ni kuomba hatia itenguliwe kwa sababu ya ulaghai au shurutisho, na mzigo wa kuonyesha hilo uko kwa anayelalamika. Kujitoa kabla ya adhabu kutamkwa ni rahisi zaidi kuliko baada yake, kwa hiyo mwenye shaka asisubiri.

Upande wa mashtaka ukivunja ahadi, peleka hati mahakamani. Katika kesi ya Santobello v. New York ya mwaka 1971, mwendesha mashtaka mmoja aliahidi kutoomba adhabu yoyote mahususi. Siku ya kutolewa adhabu ilipofika, mwingine alikuwa amechukua nafasi yake, akaomba adhabu ya juu kabisa. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema ahadi iliyomfanya mtu akiri lazima itimizwe, na kwamba ofisi haiwezi kujificha nyuma ya mabadiliko ya watumishi. Waendesha mashtaka hubadilishwa kila wakati, na jalada lako litasomwa na mtu ambaye hakuwepo siku mlipopeana mikono.

Omba nakala iliyothibitishwa ya hati ya makubaliano, ya mwenendo wa siku hiyo na ya hukumu. Moja ikae kwa wakili, moja kwa familia. Fidia na faini zilipwe kupitia akaunti rasmi au namba ya malipo iliyotolewa na mahakama au ofisi husika, kamwe zisipitie simu ya mtu binafsi, hata kama ni ya mtu aliyewasaidia. Kila stakabadhi ipigwe picha siku ileile, kwa sababu maandishi ya mashine nyingi za risiti hufutika baada ya muda. Na kabla mshtakiwa hajaondoka mahakamani, wakili akague hati ya kifungo au ya kuachiwa inayokwenda gerezani: jina, namba ya kesi, kosa alilokiri, na siku za rumande zilizohesabiwa. Mkuu wa gereza atafuata kilichoandikwa kwenye karatasi hiyo, na kosa la karani kwenye mstari mmoja linaweza kuchukua wiki kurekebishwa.